Farasi wa mpingo juu ya kioo: uchambuzi wa kisa cha Lotte Reiniger na Alfu Lela Ulela

Mwaka 1923 mwenye benki mmoja wa Potsdam, mji ulio jirani na Berlin, alimwuliza mwanamke ambaye hajatimiza miaka 25 kama angeweza kutengeneza sinema ndefu, ya kujaza ukumbi kwa zaidi ya saa moja, kwa kutumia vivuli vya karatasi peke yake. Wakati huo katuni zilikuwa vichekesho vya dakika chache vinavyotangulia sinema yenyewe. Mwanamke huyo, Lotte Reiniger, alisita kwanza, kisha akakubali. Miaka mitatu baadaye ikatoka *Die Abenteuer des Prinzen Achmed*, yaani visa vya Mwanamfalme Ahmed, sinema ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani. Walt Disney alitoa *Snow White* miaka 11 baadaye. Argentina walitangulia mwaka 1917 kwa sinema ya Quirino Cristiani, lakini hiyo imepotea.

Kisa hiki kinawafaa wote wanaotaka kutoa hadithi za kale mdomoni na kuziweka kwenye skrini, na siku hizi wako wengi Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Wahusika wakuu ni watu wa historia, kwa hiyo majina yao yamebaki. Mwenye benki na wasaidizi wengine watatajwa kwa kazi zao tu, kwa kuwa kinachochunguzwa hapa ni maamuzi: nini kilichukuliwa kutoka kwenye hadithi, nini kiliachwa, na gharama yake ilikuwa nini.

Usuli

Lotte Reiniger alizaliwa Charlottenburg, Berlin, tarehe 2 Juni 1899. Kukata vivuli vya karatasi kwa mkasi ilikuwa burudani ya kawaida katika nyumba za Wajerumani wa enzi hizo, naye alianza akiwa mtoto. Alitengeneza hata jukwaa dogo la vivuli nyumbani kwao. Mwaka 1915 alimsikiliza mwigizaji na mtengenezaji sinema Paul Wegener akihutubia juu ya mambo ya ajabu ambayo kamera inaweza kuyafanya, na tangu hapo akawa hataki kitu kingine. Aliingia shule ya maigizo ya Max Reinhardt, mwongozaji wa tamthilia, na huko nyuma ya jukwaa akawa anawakata waigizaji kwa mkasi wanapoigiza, kila mmoja katika mkao wake. Wegener akaviona vivuli hivyo.

Kazi iliyomfunza zaidi ilikuja mwaka 1918, katika sinema ya Wegener kuhusu mpiga zumari wa Hameln aliyewatoa panya mjini. Panya wa kweli hawakutii amri ya mtu. Ikabidi wachongwe panya wa mbao, wasogezwe kidogo, wapigwe picha, wasogezwe tena, wapigwe tena. Reiniger alikuwa miongoni mwa waliowasogeza. Mwaka uliofuata alijiunga na taasisi ya utafiti wa utamaduni mjini Berlin iliyotengeneza filamu za kisayansi, akatoa filamu yake fupi ya kwanza ya vivuli. Hapo ndipo alipokutana na Carl Koch. Walioana mwaka 1921, na Koch akawa mpiga picha na msimamizi wa kazi zake kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 1963. Mwaka 1922 Reiniger alikuwa tayari ametoa Cinderella na yule binti mfalme aliyelala usingizi wa miaka mia.

Kwa hiyo mwenye benki hakumwokota mtu barabarani. Alimwendea fundi aliyekuwa na miaka minne ya kazi mfululizo na hadithi kadhaa alizokwisha kuzimaliza. Jambo hili hupitwa haraka katika masimulizi mengi kumhusu, labda kwa sababu muujiza unapendeza zaidi kuusikia.

Upande wa pili wa usuli ni fedha. Ujerumani ya 1923 ilikuwa katika mfumuko wa bei uliotisha. Kufikia Novemba dola moja ya Marekani ilikuwa marki trilioni 4.2, na mshahara wa asubuhi haukununua mkate jioni. Mwenye benki, kama wengine wenye akili ya fedha, alikimbilia vitu visivyooza thamani, na kimojawapo kilikuwa shehena ya mikanda mitupu ya filamu. Mikanda ikawa imelala. Wazo la sinema ndefu lilizaliwa hapo: mali ipo, fundi yupo, na fedha taslimu haina maana tena.

Kazi ilivyokwenda

Studio ilikuwa chumba cha darini juu ya gereji nyumbani kwa mwenye benki. Paa lilikuwa limeinama chini. Ili kamera iliyofungwa juu ipate umbali wa kutosha, meza ya kioo iliwekwa karibu na sakafu, na Reiniger akafanya kazi amepiga magoti.

Mbinu yenyewe inaeleweka kwa kuitazama mara moja, ila kuitenda ni suala jingine. Mhusika anakatwa vipande vipande kutoka kadibodi nyeusi na mabamba membamba ya madini ya risasi: kichwa, shingo, mkono wa juu, kiganja, kiuno, paja, unyayo. Vipande vinaunganishwa kwa waya mwembamba kwenye viungo. Risasi inampa uzito ili alale pale alipowekwa. Analazwa juu ya kioo, taa inawaka chini yake, na kamera iliyo juu inapiga picha moja. Mkono unasogezwa upana wa unywele. Picha ya pili. Mandhari ya nyuma yametengenezwa kwa karatasi laini zinazopitisha mwanga, tabaka juu ya tabaka, na palipo na tabaka nyingi pana giza zaidi. Kwa mandhari yenye kina, vioo kadhaa vilipangwa kimoja juu ya kingine, mbinu ambayo Hollywood iliijengea mashine kubwa katika miaka ya 1930.

Hesabu inayotajwa mara nyingi ni picha 250,000 zilizopigwa, na takriban 96,000 zilizobaki katika sinema ya dakika 65 hivi. Katika kila picha 5, karibu 3 zilitupwa.

Kivuli hakina macho wala mdomo, kwa hiyo huzuni haiwezi kukaa usoni. Inabidi ihamie shingoni, katika bega linaloshuka, katika vidole vinavyofunguka polepole. Kamera ilipotaka kumsogelea mhusika, Reiniger alikata kichwa na mabega mapya ya ukubwa mwingine kwa ajili ya tukio hilo tu. Mhusika mmoja mkuu alikuwa na miili kadhaa.

Wasaidizi walikuwa wachache, wote wakiwa na fikra zao. Koch alishika kamera na uongozi wa kazi. Berthold Bartosch alitengeneza mawimbi, dhoruba na nyota. Walter Ruttmann, mchoraji aliyekuwa tayari anatengeneza filamu za maumbo tu yasiyo na watu wala hadithi, alipewa uchawi: moto, moshi, mapepo yanavyozaliwa kutoka kwenye ukungu. Wawili wengine walisaidia ufundi. Wolfgang Zeller alitunga muziki tangu mwanzo wa kazi, si mwishoni, na matukio kama maandamano ya kasri yalipigwa picha kwa kufuata kipimo cha muziki uliokwisha kuandikwa.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa hadithi ipi. Katika Alfu Lela Ulela, kitabu cha hadithi ambacho sinema ilichota, kuna biashara, mizaha ya sokoni, mahakama za makadhi, mapenzi ya siri, visa vya vinyozi wasionyamaza. Reiniger alikuwa na kipimo kimoja, ambacho alikieleza mwenyewe baadaye: achukue matukio ambayo hayawezi kuonyeshwa kwa njia nyingine yoyote. Waigizaji wa kawaida wangeweza kuigiza kinyozi. Farasi wa mpingo anayepaa hadi mawinguni, mwanamke anayevaa manyoya akawa ndege, wachawi wawili wanaogeuka mnyama baada ya mnyama wakipigana, hayo kamera ya mwaka 1923 ilikuwa haiyawezi kwa watu wa kweli bila kuchekesha.

Kwa kipimo hicho alishona hadithi nne kuwa moja. Farasi wa mpingo alimpa mwanzo: mchawi anamletea Khalifa farasi anayeruka siku ya sherehe, anadai binti yake kuwa malipo, na mwana wa Khalifa, Ahmed, anapandishwa juu ya farasi asiyejua kumshusha. Kisa cha Hassan wa Basra kilimpa vazi la manyoya na visiwa vya Wak-Wak. Hadithi ya Mwanamfalme Ahmed ilimpa jina la shujaa na la Pari Banu, malkia anayependwa. Aladini akaleta taa. Sinema ina sehemu tano, na mishono inaonekana: Aladini anaingia amechelewa, anasimulia kisa chake kizima kwa kurudi nyuma, kisha safari inaendelea.

Wapo watakaosema hiyo ni kuvuruga asili. Lakini asili ipi? Aladini, farasi wa uchawi na Pari Banu ziliingia Ulaya kupitia mdomo wa mtu mmoja, Hanna Diyab, Msiria wa Aleppo aliyemsimulia Mfaransa Antoine Galland mjini Paris mwaka 1709. Galland aliandika muhtasari na baadaye akazinenepesha kwa mtindo wa Kifaransa. Reiniger alikuwa mkono wa tatu au wa nne, na kila mkono ulikuwa umekata na kushona.

Uamuzi wa pili haukutangazwa, ila kwangu ndio mkubwa kuliko wote: Shahrazad hayumo. Yule mwanamke anayesimulia usiku hadi usiku ili asichinjwe, ambaye ndiye uti wa mgongo wa kitabu chote, ameondolewa. Jina la mdogo wake limebaki, Dinarsade, sasa likiwa la binti wa Khalifa, dada yake Ahmed, ambaye anatakiwa na mchawi na mwishoni anaolewa na Aladini. Kwa kipimo cha Reiniger uamuzi huu una mantiki kamili. Mwanamke aliyekaa akizungumza ni kivuli kisichosogea, na kuzungumza kwake katika sinema bubu ni maandishi kwenye kadi.

Uamuzi wa tatu ulihusu mwovu. Katika matoleo ya kisa cha farasi, anayemleta ni Mwajemi au Mhindi, kutegemea unasoma toleo lipi. Katika Aladini mwovu ni mchawi wa Kiafrika, mtu wa Maghreb. Sinema ya saa moja haiwezi kulisha waovu wawili, kwa hiyo waliunganishwa, na asili iliyobaki ikawa ya yule wa pili. Tangu tukio la kwanza hadi kifo chake, anaitwa Mchawi wa Kiafrika. Jina la pekee hana.

Uamuzi wa nne ulikuwa kumwalika Ruttmann. Huyu hakuamini hadithi za kale. Inasimuliwa kwamba aliuliza jambo hili linahusiana nini na mwaka 1923, na Reiniger akamjibu kuwa halihusiani na chochote, isipokuwa kwamba yeye yuko hai sasa na amepata nafasi ya kulifanya. Wengi wangemwacha mtu wa namna hiyo aende zake. Reiniger alimpa sehemu ya sinema ambayo haihitaji kuamini hadithi, ule uchawi usio na umbo.

Matokeo

Sinema ilipokamilika, wenye kumbi hawakuitaka. Hapakuwa na rafu ya kuiweka: ndefu mno kuwa katuni, bubu bila nyota wa kuuza tiketi. Wenyewe waliandaa onyesho la asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Mei 1926, katika ukumbi wa Volksbühne mjini Berlin, wakaalika wanahabari na wasanii. Majira ya kiangazi ilipelekwa Paris, ambako Jean Renoir, mtengenezaji sinema wa Kifaransa, alikuwa miongoni mwa walioipigia debe, nayo ikapokelewa kwa shangwe. Baada ya Paris kumbi kubwa za Berlin zikafunguka.

Reiniger hakutengeneza tena katuni ndefu. Mwaka 1928 alitoa visa vifupi vya Dokta Dolittle. Sinema ndefu ya waigizaji wa kweli aliyoshiriki kuiongoza ilikuja wakati sauti inaingia kwenye sinema, ikapotea katikati ya mabadiliko hayo. Wanazi walipochukua nchi, yeye na Koch walihangaika kati ya nchi na nchi bila kibali cha kudumu, wakaishia Italia, kisha wakarudi Berlin mwaka 1944 kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Negativu ya sinema, yaani mkanda wake asilia, iliteketea katika vita vya Berlin mwaka 1945. Kinachoonekana leo kimetokana na nakala yenye rangi za kutiwa iliyosalia London, iliyokarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990.

Mwaka 1949 walihamia Uingereza. Hapo kisa kinazunguka kwa namna ambayo mtunzi angeogopa kuibuni: mtoto wa yule mwenye benki, ambaye akiwa kijana wa Kiyahudi alifungwa na Wanazi kabla ya kukimbilia Uingereza, alianzisha kampuni, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 Reiniger akaitengenezea televisheni hadithi fupi zaidi ya kumi. Moja, ya mshona nguo shujaa, ilipata tuzo Venice mwaka 1955. Alifariki Dettenhausen, Ujerumani, tarehe 19 Juni 1981.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kipimo cha kuchagua. Wanaohamisha hadithi huanza kwa kuuliza hadithi gani inapendwa. Reiniger aliuliza hadithi gani inahitaji kivuli. Tofauti inaonekana ukijaribu kwetu. Visa vingi vya Sungura vinaishi ulimini: hila zake ni maneno, na fisi anadanganywa kwa masikio. Ukiviweka kwenye vivuli bubu utabaki na wanyama wawili wanaotikisa vichwa. Chukua badala yake kifo cha Fumo Liyongo. Amechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, anafika kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anakata roho akiwa hivyo. Siku zinapita watu hawathubutu kuteka maji wakidhani bado amelenga. Tukio zima ni mstari wa mwili mmoja unaosomwa kwa mbali na kusomwa vibaya. Utenzi umelibeba karne nzima na zaidi, na mkasi ungelibeba pia.

Ukosefu wa uso ulitumika, haukufichwa. Mtengenezaji mwoga angechonga macho meupe ndani ya kivuli ili watazamaji wamwelewe mhusika. Ukimtazama Ahmed alipopaa na farasi, uoga unaonekana mgongoni. Katuni nyingi za leo zina nyuso zinazofanya kila kitu na miili isiyofanya lolote, kwa sababu programu inarahisisha uso.

Mgawanyo wa kazi nao ulikuwa wa busara. Ruttmann asiyeamini hadithi alipewa moto, na moto wake haufanani na vivuli vya Reiniger hata kidogo. Unachezacheza, hauna ukingo. Kwa hiyo uchawi katika sinema hii unaonekana umetoka ulimwengu mwingine, kwa sababu kweli umetoka kwenye kichwa kingine. Laiti Reiniger angekata moto kwa mkasi wake, ungekuwa mapambo.

Kuhusu muziki nitasema kifupi: kumleta Zeller mwanzoni kuliwapunguzia kukisia. Anayeleta mtunzi baada ya kumaliza picha analipa mara mbili.

Na fedha. Mikanda mitupu iliyonunuliwa kama akiba iliipa kazi hii miaka mitatu bila mwekezaji wa kumharakisha. Hili si la kuigwa, kwa kuwa halitokei mara mbili. Wala yeye halikumtokea mara ya pili. Anayeisoma sinema hii kama mfano wa biashara amesoma kitabu kisicho chake. Mfano wa biashara unaofaa ni wa miaka ya 1950: hadithi fupi, wahusika wachache, mteja anayejulikana kabla ya mkasi kushikwa.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kuna utetezi unaotolewa haraka kuhusu yule Mchawi wa Kiafrika: kwamba kwenye vivuli wote ni weusi, kwa hiyo rangi haina maana, na kwamba mwovu sharti aonekane kwa mstari wake, maana hakuna njia nyingine. Amekatwa na mgongo uliopinda, vidole virefu kama kucha, pua ya ndoana, mwendo wa kutambaa. Kivuli, wanasema, hakijui siri. Kila kitu kiko nje.

Sinema yenyewe inaukataa utetezi huo. Mwokozi wa Ahmed ni bibi mchawi wa Mlima wa Moto, na huyu amekatwa mbaya kuliko wote: mnene, mwenye umbo la zimwi, amezungukwa na vijitu vya kutisha. Mtazamaji anamwona akajua hapa pana hatari. Kumbe ndiye anayempa shujaa silaha, ndiye anayepigana na mchawi mwanaume hadi kumwua katika pambano la kugeuka na kurushiana moto, na bila yeye Ahmed hafiki popote. Reiniger alijua vizuri kabisa kwamba kivuli kinaweza kuonekana hivi na kutenda vile. Alilifanya hilo kwa ustadi kwa bibi wa mlimani. Kwa Mwafrika hakulifanya.

Sidhani kama alikusudia kumtukana mtu. Alilikuta jina kwenye hadithi, na Berlin ya miaka hiyo haikuwa na sababu ya kulitilia shaka. Ujerumani ilikuwa imepoteza makoloni yake muda mfupi tu nyuma, Tanganyika ikiwemo, na mji huo huo ulikuwa umewaonyesha watu wa makoloni katika maonyesho ya Treptow mwaka 1896. Lakini Afrika haikuwa mbali kiasi hicho. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa upande wa Bagamoyo, aliyeandika *Desturi za Wasuaheli* na kufundisha Kiswahili mjini Berlin, alikuwa akiishi Ujerumani miaka hiyo, akijipatia riziki kwa mihadhara juu ya Afrika. Alifariki Berlin mwaka 1927, mwaka mmoja baada ya sinema kutoka. Ni msomi wa pwani aliyejua ni nini jini, nani mganga na nani mchawi, na tofauti zao.

Tena kuna Wak-Wak. Katika sinema ni visiwa vya mashetani. Wanajiografia wa Kiarabu waliiweka nchi hiyo huku na huko, wengine mashariki ya mbali upande wa China. Ila Al-Masudi, msafiri wa Baghdad wa karne ya 10 aliyefika pwani yetu, aliandika kwamba nchi ya Wazanji inakomea Sofala na Waqwaq. Kwa ramani yake basi, giza zote mbili za sinema hii, mchawi na visiwa, zina mguu Afrika. Nalitaja kwa sababu somo lake ni la kazi: unapounganisha wahusika wawili, angalia asili ipi inabaki na kwa nini. Mwajemi angeweza kubaki. Mchawi angeweza kuitwa Mchawi tu, na hakuna tukio hata moja ambalo lingebadilika.

Kushindwa kwa pili ni Ahmed mwenyewe. Farasi anambeba, jiwe linamlalia mlimani, bibi anamwinua, taa inamfungulia mlango. Katika hadithi za kusimuliwa shujaa wa namna hii anavumilika, kwa kuwa msimulizi yuko pale kumcheka kidogo na kumsukuma mbele. Hapa msimulizi ametolewa. Ukimwondoa Shahrazad, unaondoa pia sauti inayojua kwamba wanamfalme ni wapumbavu kiasi.

Hili la pili lina dawa ambayo Reiniger hakuwa nayo na sisi tunayo. Sinema ni bubu, ina kadi za maandishi na muziki. Katika vibanda vya video vya Tanzania, Kenya na Uganda kuna mafundi wanaosimulia sinema za kigeni papo hapo, wakiwapa wahusika majina, wakiwakejeli, wakieleza kilichoachwa. Fundi wa namna hiyo akiishika *Prinzen Achmed* mbele ya watoto wa Kariakoo au Majengo, akaanza kwa Paukwa na akaitikiwa Pakawa, nafasi ya Shahrazad ina mtu. Kadi inayosema Mwafrika ataisoma kwa macho, kisha ataamua mwenyewe mchawi huyu anaitwa nani.